Ngao Iliyopigwa Mnada

Ngao yenyewe haikuwa kitu kikubwa. Kipande cha mbao kilichopakwa vanishi, ukubwa wa daftari, na juu yake bati la rangi ya dhahabu lenye jina langu na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba mwaka ule, katika wanafunzi wote wa hisabati wa chuo chetu, hakuna aliyenishinda. Nilikabidhiwa ukumbini, siku ya tuzo za wanafunzi na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Nikapeana mkono na mkuu wa kitivo, nikapigwa picha, nikarudi kwenye kiti changu na kuanza kuitilia shaka.

Sijui kuishi vinginevyo. Nilimgeukia mwenzangu wa kulia, aliyekuwa amepata tuzo ya fizikia, nikamuuliza, "Wamepimaje?"

"Wamepima nini?"

"Ubora. Mimi nimemzidi wa pili kwa alama chache mno. Ningeamka na malaria siku ya mtihani mmoja tu, ngao ingebadilika jina. Sasa hii ni tuzo ya akili au ya afya?"

"Dada, kula keki," akasema.

Tuzo ya mhadhiri bora ilikwenda kwa mtu aliyeandika makala nyingi kuliko wenzake, ambaye sisi tulimwona darasani kwa kubahatisha. Mhadhiri aliyekuwa akibaki nasi baada ya vipindi, mpaka mlinzi aje kufunga mlango, alikaa safu ya nne akipiga makofi kwa bidii. Nilimtazama yeye zaidi kuliko nilivyomtazama mshindi.

Kabla hatujatawanyika, mshereheshaji alitaka kila mwanafunzi aliyeshinda aseme amesomea sekondari wapi. Wenzangu walitaja shule ambazo ukumbi mzima ulizijua. Mimi nikasema Kibondo.

"Kibondo? Kule kwenye kambi za wakimbizi?" akauliza kwenye kipaza sauti, na watu wakacheka kidogo.

"Kule kwenye maharage," nikasema, wakacheka zaidi. Nilitaka kuongeza kwamba kuna mwalimu kule, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshahamia kwa mtu wa kemia.

Ninaandika haya nikiwa Dodoma, ambako upepo huingiza vumbi mpaka kwenye kopo la sukari, na ninachokikosa kuliko vyote ni baridi ya asubuhi ya Kibondo. Tulikwenda mstarini tumeficha viganja ndani ya mikono ya sweta, ukungu umefunika mabweni mpaka unaona mapaa tu yakielea. Magari meupe ya mashirika yalipita barabarani yakielekea kambini, nasi tuliyahesabu kwa kukosa kazi. Mchana tulikula ugali wa muhogo na maharage. Jioni tulikula maharage na ugali wa muhogo. Wale waliokuja kutoka mijini walilalamika. Sisi wa Muyama na Kasulu tulishangaa kuna watu wanaokula nini kingine.

Mwalimu wa hisabati aliingia darasani bila kitabu, kipande cha chaki kimechomoza kwenye mfuko wa shati. Kitabu kilikuwa kimoja shule nzima, naye alikiacha maktaba ili sisi tukisome kabla yake. Siku yake ya kwanza na sisi alitutoa nje tukapime urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda. Tulibishana juu ya kivuli chake mpaka kivuli chenyewe kikahama, naye akasimama pembeni amekunja mikono, amefurahi kama mtu aliyepelekwa harusini. Walimu wengine walinipiga kwa sababu ya maswali yangu. Yeye alinipa zamu ya kufuta ubao, ili niwe karibu.

Ndiyo maana niliporudi nyumbani Muyama mwezi wa kwanza, yeye ndiye niliyempigia simu. Nikamwambia habari za ngao.

"Wa pili alikuwa na ngapi?" akauliza.

"Alama chache chini yangu, Mwalimu."

"Basi mlikuwa sawa." Kisha akakohoa. "Lakini njoo nayo. Njoo nayo Jumanne, usikose. Ijumaa ijayo nastaafu."

Sikuwa na habari. Kwangu mimi alikuwa na umri uleule siku zote.

Akanieleza shida yake. Alikuwa na Kidato cha Tatu, na siku zile walikuwa wakichagua masomo. Wengi walitaka kuikimbia fizikia kwa sababu ya hesabu. Kila alipowaambia kwamba binti mmoja wa huku huku, aliyekaa dawati lile pale dirishani, alikwenda chuo kikuu kusoma hesabu na kuwazidi wenzake, darasa zima lilimjibu kwa wimbo: Mwalimu anapiga kamba.

"Mimi, kamba!" akasema. "Miaka yote hii sijawahi kusema neno darasani nisiloweza kulionyesha. Sasa nimewaambia Jumanne utakuja na ngao yako mkononi, waione kwa macho. Binti, sitaki niondoke kwenye ule mlango nikiwa mwongo."

Nikamwahidi. Ilikuwa Ijumaa. Ngao ilikuwa kwenye begi langu, imeviringishwa kwenye taulo.

Jumamosi nilimwonyesha mama. Aliifuta kwa upindo wa kanga, akaigeuza nyuma kuona imeshikwa na nini, akapitisha kidole juu ya jina langu.

"Hii ni dhahabu?"

"Bati, mama."

"Na wamekupa kwa ajili ya hesabu tu?"

"Hesabu tu. Usiikuze, mama. Ni ubao tu. Wangeweza kumpa mtu mwingine."

Nilisema hivyo kwa sauti ile ninayoijua na ambayo leo ninaichukia, sauti ya mtu aliyetoka chuo akija kuwafundisha wenzake kutokushangaa. Mama aliiweka juu ya kabati la vyombo akaendelea kupepeta maharage, kwa maana kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno.

Kwa asiyejua kanisa letu, Jumapili ya mavuno ni hivi. Kila nyumba hupeleka ilichojaliwa: maharage, tangawizi, mikungu ya ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Vyote hupangwa kwenye meza kubwa mbele, mchungaji huviombea, halafu baada ya ibada mzee wa kanisa huvipiga mnada palepale. Anayenunua anaweza kwenda navyo nyumbani, au akamzawadia mtu mwingine mbele ya watu, na makofi yakapigwa. Jambo moja tu halifanyiki: kilichogusa meza hakirudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyeliandika popote. Linajulikana kama inavyojulikana kwamba huvui nguo barabarani.

Mimi siku hizo nilikuwa na ugomvi wangu na kanisa, ugomvi wa maswali, kwa hiyo nilimsindikiza mama mpaka mlangoni, nikaenda kukaa kwenye jiwe lililo juu ya uzio, mahali pekee penye mtandao. Manyunyu yalikuwa yakianza. Nilikuwa nikisoma ujumbe wa kuitwa kwenye usaili wa kazi Dodoma siku ya Alhamisi niliposikia spika ya kanisa ikikoroma. Mnada umeanza. Mzee wa kanisa wetu ni mcheshi, na kusema kweli ndiye aliyejaza watu zaidi ya mahubiri.

"Mkungu huu! Mkungu kama huu utauacha ulale kanisani peke yake? Haya, umekwenda! Kuku huyu! Huyu ameokoka, mnamwona alivyotulia? Amekwenda! Sasa hapa… hapa nina kitu, sijui nikiiteje. Hebu. Nina ubao wa msomi! Una dhahabu juu!"

Nilisimama.

"Nani anaanza? Fundi pikipiki ameanza! Mama wa Kasulu ameongeza! Fundi, unakubali kushindwa na muuza maharage? Ameongeza! Mama naye ameongeza!"

Nilikimbia. Njia ilikuwa tope, na viatu vyangu vya chuo havikutengenezwa kwa udongo wetu. Nilianguka mara moja kwa goti. Nilifika mlangoni nikiwa mwekundu mpaka kiunoni, wakati mzee wa kanisa ameinua ngao yangu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Imekwenda kwa Mama wa Kasulu!"

Vigelegele. Watu wakageuka, wakaniona mlangoni, wakadhani nimekuja kwa furaha. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakinisifu kwa moyo wa utoaji niliokuwa nao. Nilipofanikiwa kujinasua, yule mama alikuwa ameshapakia magunia yake kwenye pikapu kuikimbia mvua, na ngao ikiwa kifuani pake.

Mama yangu alikuwa bado ameketi benchi la mbele, kiganja mdomoni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilitaka mchungaji aiombee."

"Sasa mbona uliiweka kwenye meza?"

"Sikuiweka kwenye meza. Meza ilikuwa imeloa, bati la paa linavuja pale. Niliiweka juu ya maharage yangu isiloane."

"Na alipoiinua?"

Akaniangalia. "Ulitaka nisimame mbele ya watu wote nimnyang'anye Mungu?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Na wewe si ulisema ni ubao tu?"

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, na nilichokuwa nikikiona mbele yangu ni Mwalimu, Jumanne, amesimama kwenye ule mlango wa darasa, akinisubiri mimi na mikono yangu mitupu.

Jumatatu nilipanda bodaboda mpaka Kasulu. Sokoni haikunichukua muda kumpata. Kila mtu alimjua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, amekaa kati ya magunia yaliyofunguliwa midomo, maharage ya manjano huku, mekundu kule, mzani mbele yake. Alikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, akapewa uraia akiwa na watoto tayari. Hayo yote alinieleza mwenyewe kabla sijamaliza kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule—"

"Nakujua, msomi! Uliyeanguka kwenye tope! Kaa, kaa."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamweleza kila kitu: mama yangu, meza iliyoloa, Mwalimu, Jumanne, Ijumaa. Nikamwomba anirudishie.

Akatikisa kichwa kabla sijafika mwisho. "Mwana wanje, mwanangu, hapana. Kitu cha meza ya Bwana hakirudi. Nikikurudishia, mama yako ataitwa mchoyo, mzee wa kanisa ataitwa mjinga, na mimi nitaitwa nini? Na tena sikuinunua kwa kucheza. Niliinunua kwa ajili ya huyu."

Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya magunia msichana wa Kidato cha Pili, bado na sare, alikuwa akiandika daftarini.

"Anapata sifuri za hesabu. Sifuri! Mimi sikusoma, tulikuwa tunahamahama, lakini yeye ana nini? Basi nimeitundika juu ya kitanda chake. Alale nayo juu ya kichwa."

"Mama, mpe tu," msichana akasema bila kuinua macho. "Inanitisha pale juu."

"Kimya wewe! Ndiyo vizuri ikutishe."

Nilijaribu kumweleza kwamba ngao haifanyi kazi namna hiyo, kwamba haina kitu ndani yake cha kudondoka usiku. Akanisikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Ulisema huyo mwalimu wako anaitwa mwongo?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanafunzi wake mwenyewe?"

"Ego," nikasema, yaani ndiyo kwa Kirundi chake, kwa kukata tamaa.

Akacheka, akapiga paja. "Basi sikiliza. Siitoi. Lakini Kibondo nina maharage ya kwenda kuyaangalia hata hivyo. Kesho tunakwenda wote watatu, mimi, wewe na ngao."

Kesho yake alikuja stendi ya Kasulu ameiviringisha kwa kitenge, akaipakata njia nzima, akikataa kuiweka hata pale konda alipomwomba nafasi. Barabara siku hizi ni lami sehemu kubwa. Nilipokuwa mwanafunzi tulifika Kibondo na rangi moja, sote, abiria na kuku. Niliangalia vilima vikipita, migomba na mihogo na nyumba za tofali mbichi, nikahisi huzuni ya kijinga kwamba safari imekuwa rahisi.

Mwalimu alikuwa mlangoni kweli. Nywele zilikuwa nyeupe zote, shati limemzidi, lakini chaki ilikuwa mahali pake.

"Umechelewa," akasema. Halafu akamwona mama wa maharage, akampa kiti chake. Yeye mwenyewe akasimama dirishani.

"Huyu hapa," akaliambia darasa.

Walikuwa wengi, watatu kila dawati, na walituangalia kwa macho ya watu walioandaliwa tamasha. Mama wa maharage alifungua kitenge polepole, kona moja baada ya nyingine. Wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Msichana mmoja wa mbele akasoma maandishi kwa sauti, mpaka kwenye jina langu, na darasa likavuta pumzi. Nilimwona Mwalimu akiangalia nje ili wasimwone anavyotabasamu.

Kisha kijana mrefu wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani. Huyu ni mama yake?"

"Hapana, mwanangu," mama akajibu kwa uchangamfu. "Mimi ndiye mwenye ngao."

"Mwenye ngao?"

"Ngao ni yangu. Niliinunua juzi kanisani."

Darasa likapasuka.

"Kumbe zinanunuliwa!" yule mrefu akapiga kelele. "Mwalimu, hata mimi baba akiuza ng'ombe napata ya kemia!"

"Mimi nataka ya kupika!"

"Kamba! Kamba ya Jumanne!"

Nilisimama kueleza. Nikasema iliwekwa juu ya maharage. Wakacheka zaidi. Nikasema ni kwa sababu bati lilikuwa linavuja. Wengine wakalalia madawati. Kila neno la kweli nililolitoa lilifanana na uongo kuliko lililotangulia, na mama wa maharage, masikini, alikuwa akitikisa kichwa kuniunga mkono, jambo lililozidisha ubaya. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameacha kutabasamu na anatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mzee.

Yule mrefu akasubiri kelele zipungue. "Sawa. Kama ni yako kweli, tujibu swali moja. Hasi mara hasi inakuwa chanya. Kwa nini? Na usituambie ni kanuni."

Niseme ukweli: swali hilo nililithibitisha chuoni, mwaka wa kwanza, kwa mistari michache, huku nikiwaza chakula cha mchana. Lakini pale hapakuwa na mhadhiri anayetoa alama. Palikuwa na mtu mmoja dirishani, aliyebakiza siku tatu za kazi, na jina lake lilikuwa ndani ya chaki ambayo ningeishika.

Nikaenda ubaoni. Kabla ya kuandika chochote nikachora mstari mmoja, wima, kutoka juu mpaka chini.

Kicheko kikarudi, lakini cha namna nyingine. "Eee! Kachora!" mtu akasema. "Kachora kama sisi!"

Sikuwa nimefikiri. Mkono tu ulichora. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuugawa ukurasa: kushoto unaandika unachosema, kulia unaandika kwa nini unaruhusiwa kukisema. Mstari usio na neno upande wa kulia aliukata, hata kama jibu ni sahihi. Chuoni msahihishaji mmoja aliniandikia kwamba ule mstari hauna haja. Niliendelea kuuchora.

Nikaandika: moja ukijumlisha na hasi moja ni sifuri. Kulia: namba na kinyume chake. Kisha nikazidisha pande zote kwa hasi moja. Upande mmoja ukawa hasi moja mara sifuri, nami nikaandika sifuri, na kulia kwake, kwa haraka, nikaandika: inajulikana.

"Haaaa!" Darasa lote kwa pamoja, na furaha ya watoto waliomkamata mtu mzima jikoni. "Kaandika inajulikana! Mwalimu, kaandika inajulikana!"

Nilikuwa nimelisahau katazo la Mwalimu. Katika darasa lake neno lile lilikuwa tusi.

Msichana wa mbele hakucheka. Alikuwa na penseli mkononi na paji la uso limekunjamana. "Dada, kwa nini kitu chochote mara sifuri ni sifuri?"

Nikafuta. Nikaanza pembeni upya, jasho likinitoka kwenye baridi ile. Sifuri jumlisha sifuri ni sifuri. Zidisha zote kwa hasi moja. Fungua mabano: unapata kitu kile kile mara mbili upande huu, na mara moja upande ule. Ondoa kimoja kila upande, kinachobaki ni sifuri.

"Kwa nini unaruhusiwa kuondoa pande zote mbili?" kijana mwingine akauliza. Sasa walikuwa wamenoga, kila mmoja anatafuta pa kunikamata.

Nilifungua mdomo, na kabla sijasema neno, sauti ya kuita ng'ombe ikatoka kwenye kiti cha Mwalimu.

"Mzani, jamani! Umelala sawa. Toa kisado huku, toa kisado kule, utalala sawa bado. Ninyi hamjawahi kupima maharage?"

Walimgeukia. Hakuna aliyecheka. Nami nikaandika upande wa kulia, kwa herufi kubwa: mzani wa mama.

Baada ya hapo nilirudi kwenye swali lenyewe. Mistari miwili zaidi, kila mmoja na neno lake, na mwisho wake hasi moja mara hasi moja ikasimama sawa na moja, bila mtu kuambiwa aamini. Nikaweka chaki chini.

Yule mrefu aliuangalia ubao muda mrefu, akishuka mstari kwa mstari. Alikuwa anatafuta kosa, na nilimpenda kwa hilo.

"Haya," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayelipishwa faini. "Huyu kweli ni wa Mwalimu. Ana ugonjwa uleule."

Darasa likacheka, na Mwalimu naye akacheka, akavua miwani akaifuta kwa shati kwa muda usiokuwa na haja. Mama alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, ngao magotini, akishangaa kwamba hakuna hata mmoja aliyeomba kuishika.

Kipindi kilikuwa kimekwisha, kengele ikagongwa, na walikuwa wakianza kusimama msichana wa mbele aliponyoosha mkono tena.

"Dada, umefungua mabano mara mbili. Upande wa kulia umeandika 'nimefungua mabano.' Lakini hiyo si sababu. Kwa nini mabano yanafunguka hivyo?"

Nilijua chuo kinavyojibu: hapo hapathibitishwi, hapo tumekubaliana tu, ndipo tunapoanzia. Lakini jinsi alivyonitazama, sikulitoa jibu hilo. Lilikuwa na sura ya "ni kanuni." Nikamgeukia Mwalimu.

Akasogea ubaoni, akazungushia duara yale maneno yangu, akapuliza vumbi la chaki kwenye vidole.

"Swali zuri hilo. Hilo nitalifundisha Alhamisi," akasema. "Ndicho kipindi changu cha mwisho. Asiyekuja shauri yake."

Alitusindikiza mpaka barabarani. Aliniambia kwamba karatasi za kuchagua masomo zitakusanywa Ijumaa, na kwamba hatabashiri chochote. Akamuuliza mama bei ya maharage ya manjano, akamwambia ngao ni nzuri, aitunze. Kisha gari likaja.

Alhamisi nilikuwa Dodoma, kwenye usaili, nikijibu maswali ambayo hakuna aliyetaka kujua majibu yake. Kazi niliipata. Ngao iko Kasulu mpaka leo, juu ya kitanda cha yule msichana, na mama yangu akipita sokoni huenda kuisalimia.

Mwalimu nimempigia simu mara nyingi tangu hapo. Huniambia habari za shamba lake, na za yule mrefu, ambaye alibaki na fizikia na sasa anawasumbua walimu wengine. Kila mara kabla ya kukata simu mimi humuuliza aliwaambia nini Alhamisi ile, kuhusu mabano.

"Ungekuja," hunijibu.